Kijana Mkaidi na Simu Mkononi: Adhabu Isifunge Mlango

Siku hizi hapana baraza, liwe la wazee chini ya mwembe au la wafanyakazi wakati wa chai, ambalo watu hukaa muda mrefu pasipo kulalamika juu ya watoto wao. Utamsikia baba akisema: "Huyu wangu amenishinda. Nikimwonya haniitikii, nikimchapa ananuna juma zima, nikimnyang'anya simu anaazima ya mwenzake." Utamsikia mama akijibu kwamba wake hata kula pamoja na wenziwe hataki tena, sahani iko mkono mmoja na simu mkono wa pili. Kisha wote hutikisa vichwa, na mmoja wao hulifunga shauri kwa maneno yale tuliyoyazoea: watoto wa sasa wameharibika.

Sisi twaona jambo hili ni kubwa kuliko kutikisa vichwa. Mtu akisema watoto wameharibika, amekwisha jiondolea kazi. Maana kilichoharibika hutupwa, na mtoto hatupwi. Yatupasa basi tuulize kwa utulivu: ni kipi kilichobadilika, ni adhabu ipi ifaayo, na ni ipi idhuruyo badala ya kujenga? Leo twataka kulijibu swali hilo waziwazi, kwa faida ya kila mzazi atokaye kazini jioni akamkuta kijana wake amejifungia chumbani.

UKAIDI SI MPYA, MAHALI NDIPO PAPYA

Tuanze kwa kukiri ukweli. Kijana wa miaka 14 au 15 mwenye kubisha si jambo la karne hii. Babu zetu waliwalalamikia baba zetu, na baba zetu wakatulalamikia sisi. Hata wataalamu wa ubongo wametueleza sababu yake: zile sehemu za ubongo zinazoamsha hamu, hasira na shauku ya kusifiwa na wenzi huchangamka mapema katika ujana, lakini ile sehemu ya mbele, inayopima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hata baada ya mtu kupita miaka 20. Kijana basi ni kama gari lenye injini ya nguvu na breki ambazo fundi hajamaliza kuzifunga. Hatusemi hivi ili kumpa udhuru. Twasema ili mzazi ajue kwamba kazi yake kwa miaka hiyo ni kuwa breki, na breki haifanyi kazi kwa kulivunja gari.

Jambo lililo jipya ni mahali. Zamani kijana akikasirishwa nyumbani alitoka nje. Alikwenda kwa bibi yake, au kwa mjomba, au alizunguka mtaani mpaka hasira zikapoa, na kokote alikokwenda palikuwa na mtu mzima aliyemjua yeye na wazazi wake. Leo kijana akikasirika haendi nje, huingia ndani. Hufunga mlango, akalala kitandani kimya, na baba yake sebuleni akadhani amani imerudi. Kumbe yule mtoto amezungukwa na maelfu ya watu asiowajua, wala wao hawamjui, na hasira yake amekwisha iandika mbele yao wote.

Mambo haya yamekuja kwa kasi ambayo haijapata kuonekana. Facebook ilianzishwa mwaka 2004, WhatsApp mwaka 2009, Instagram mwaka 2010, na TikTok ilitoka nje ya China mwaka 2017. Mzazi mwenye miaka 45 leo alikuwa mtu mzima kabla mtandao wa kwanza katika hiyo haujazaliwa. Yeye mwenyewe hakulelewa nao, basi hana mfano wa kuukumbuka aseme: "Baba yangu alifanya hivi." Hiyo ndiyo sababu wazazi wengi, wenye akili na wenye mapenzi, hujikuta wakitumia silaha ya zamani kwa adui asiyeonekana.

BABA WAWILI WA MAREKANI

Tutazame mfano mmoja uliopata kujulikana dunia nzima. Mnamo Februari 2012, baba mmoja wa jimbo la North Carolina huko Marekani aligundua kwamba binti yake wa miaka 15 ameandika maneno makali katika Facebook, akiwalalamikia wazazi wake juu ya kazi za nyumbani. Binti alikuwa amejaribu kuwafungia wazazi wasiyaone. Baba yule alikaa kwenye kiti uwanjani, akajipiga picha za video, akaisoma ile barua ya mwanawe kwa sauti na kuijibu neno kwa neno. Kisha akasimama, akachomoa bastola, akaimiminia risasi kompyuta ya binti yule mpaka ikawa chakavu. Video ile akaitangaza mtandaoni, na kwa muda wa siku chache mamilioni ya watu walikuwa wameitazama.

Wengi walishangilia. "Huyo ndiye baba!" walisema. Wengine walitishika, na polisi pamoja na maofisa wa ustawi wa watoto wakafika nyumbani kwake kuchungua usalama wa mtoto, ingawa hawakumkuta na kosa la kumshitaki. Sisi hatuna haja ya kumhukumu mtu yule. Hasira yake twaifahamu. Mtu atokaye jasho kwa ajili ya mwanawe, kisha akatukanwa hadharani na mwana huyo huyo, huumia. Lakini tuulize swali moja tu: kosa la binti lilikuwa nini? Lilikuwa kuyatoa mambo ya nyumbani mbele ya halaiki ya watu kwa hasira. Na adhabu ya baba ilikuwa nini? Ilikuwa kuyatoa mambo ya nyumbani mbele ya halaiki ya watu kwa hasira, na bunduki juu yake! Je, mtoto amefunzwa kuacha jambo, au ameonyeshwa jinsi mtu mzima alifanyavyo kwa ukubwa zaidi?

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2015, baba mwingine wa jimbo la Florida alitoa video yake. Wakati huo ilikuwa imeenea desturi ya wazazi wa huko kuwanyoa watoto wao nywele vibaya mbele ya kamera ili kuwafedhehesha. Baba huyu naye akaonekana ameshika mashine ya kunyolea, mwanawe ameketi mbele yake, na watazamaji wakangoja aibu itokee. Mara akaiweka mashine chini, akamwita mtoto, akamkumbatia. Kisha akaeleza kwamba hawezi kumwaibisha mwanawe mbele ya watu, na kwamba malezi mema huanza kabla mambo hayajafika huko. Video hiyo nayo ilitazamwa na mamilioni. Twaona mtu huyu alisema neno ambalo wazee wetu walilijua zamani: samaki mkunje angali mbichi.

Wala msomaji asidhani kwamba hayo ni ya Marekani peke yake. Katika vikundi vya WhatsApp vya kwetu huonekana picha za watoto wakichapwa au wakilazimishwa kuungama makosa yao mbele ya simu. Mwenye kuzituma husema ati anatoa funzo. Mtoto yule atakua, ataomba kazi, ataoa au ataolewa, na picha ile ingali inatembea. Adhabu ya zamani ilikuwa na mwisho wake: ilikwisha jioni, mtoto akala, akalala. Adhabu iliyotiwa mtandaoni haina jioni.

KUNGWI MPYA

Watu wengi hudhani malezi ya wazee wetu yalikuwa fimbo tu. La hasha! Fimbo ilikuwapo, lakini haikuwa nguzo. Nguzo ilikuwa watu. Katika makabila mengi yetu, kijana alipofikia umri wa kubalehe hakuachiwa baba na mama peke yao. Wavulana walikwenda jandoni, wasichana wakaingia unyagoni, na huko walikuwako makungwi na masomo waliowafundisha mambo ambayo mzazi aliona haya kuyatamka. Mtoto alikuwa na shangazi wa kumwambia siri, na babu wa kumtania na kumwonya katika utani huo huo. Akikosana na baba yake, palikuwa na mtu wa kati wa kumpokea, kumsikiliza, kisha kumrudisha nyumbani akiomba radhi. Ndiyo maana twasema mkono mmoja haulei mwana.

Sasa tutazame hali ya mfanyakazi wa leo mjini. Amepanga vyumba viwili. Baba yuko zamu ya usiku, mama ameondoka alfajiri kwenda sokoni. Babu na bibi wako kijijini umbali wa siku nzima ya basi. Shangazi anaonekana arusini na msibani. Yule kungwi hayupo, lakini maswali ya kijana yangalipo, na tena hayangoji. Basi huyapeleka kwenye simu. Simu humjibu mara moja, haimkaripii, haichoki, haiuliti mazungumzo kwa baba. Nani atashangaa kwamba mtoto anaipenda?

Lakini kungwi huyu mpya hana uchungu na mwari wake. Kungwi wa zamani alitaka binti arudi nyumbani akiwa mtu mzima mwenye adabu. Kampuni yenye mtandao yataka kitu kimoja, yaani asiiweke simu chini, kwa kuwa kila dakika anayotazama huuzwa kwa wenye matangazo ya biashara. Mwezi Mei 2023 daktari mkuu wa serikali ya Marekani alitoa tahadhari rasmi, akaeleza kwamba vijana wanaotumia zaidi ya saa tatu kwa siku katika mitandao ya kijamii wako katika hatari maradufu ya kupata matatizo ya afya ya akili, kama vile dalili za sonona na wasiwasi. Australia ilipitisha sheria Novemba 2024, ikaanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025, inayoitaka mitandao mikubwa kuwazuia watoto walio chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti, na kampuni itakayokaidi yaweza kutozwa faini ifikayo dola za Australia milioni 49.5. Mtoto hatozwi, wala mzazi. Serikali ile imesema kwa sheria yake kwamba lawama yote isitupwe juu ya kijana mmoja na mama yake.

MAMBO MATATU YASICHANGANYWE

Kosa kubwa tuonalo majumbani ni kuyachanganya mambo matatu yaliyo mbali mbali, na kuyapa yote dawa moja.

La kwanza ni ukaidi wa rika. Kijana ananuna, anajibu kwa mkato, anavaa asivyopenda baba yake, anasikiliza muziki usioeleweka. Hili si kosa, ni homa ya kukua. Hutakiwa uvumilivu, mzaha kidogo, na mipaka iliyo wazi.

La pili ni kosa. Kijana amemtukana mwalimu mtandaoni, amemdhihaki mwenziwe mpaka akaacha kwenda shule, amesema uongo, ameiba fedha za vocha. Hili lina mtu aliyedhuriwa. Hutakiwa adhabu, na adhabu yenyewe iwe ya kulipa alichokiharibu.

La tatu ni hatari. Kijana ametuma picha yake ya utupu kwa mtu aliyemdanganya. Mtu mzima asiyemjua anamwita wakutane. Anatishwa atoe fedha, la sivyo siri yake itangazwe. Huyu hakuhitaji adhabu saa ile. Anahitaji kuokolewa. Mtu hamchapi mtoto angali ndani ya maji. Humtoa kwanza, na maneno ya kwa nini alikwenda mtoni huja baadaye.

Na hapo ndipo pana roho ya makala yetu. Mzazi atajuaje kwamba mwanawe yumo ndani ya maji? Atajua kwa njia moja tu iliyo ya uhakika: mtoto mwenyewe amwambie. Na mtoto atamwambia kama anaamini kwamba habari mbaya zaweza kupokelewa nyumbani pasipo kuletewa kipigo.

Hatari hii si ya kubuni. Ripoti iliyotolewa mwaka 2022 kuhusu Tanzania na UNICEF, ECPAT na INTERPOL ilionyesha kwamba katika watoto wa miaka 12 mpaka 17 wanaotumia intaneti, asilimia 4 walikuwa wamefanyiwa unyanyasaji wa kingono kwa njia ya mtandao katika mwaka mmoja tu uliotangulia: kutishwa, picha zao kusambazwa pasipo idhini, au kurubuniwa kwa fedha na zawadi. Wachunguzi walikadiria kwamba hao ni kama watoto 200,000. Ni umati wa kuujaza Uwanja wa Benjamin Mkapa zaidi ya mara tatu. Nao wanalala katika nyumba zetu. Huko Marekani, mwezi Desemba 2022, idara ya upelelezi ya FBI ilitoa onyo kwamba katika mwaka ule watoto wasiopungua 3,000, wengi wao wavulana, walikuwa wamenaswa na matapeli waliowatisha kwa picha zao ili watoe fedha, na kwamba zaidi ya kumi na wawili walijiua. Wale waliojiua hawakuuawa na picha. Waliuawa na kudhani kwamba hapana mlango wa kugonga.

"MBONA SISI TULICHAPWA TUKAWA WATU?"

Tumekwisha isikia hoja hii, na tunaiheshimu, kwa kuwa wanaoisema ni watu wa heshima. Lakini tuitazame vizuri. Kwanza, waliochapwa wakawa watu ndio tunaokaa nao barazani; waliochapwa wakatoroka, wakavunjika mioyo, hawako hapo kutoa ushahidi. Pili, elimu imepatikana. Mwaka 2016 wataalamu Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya uchunguzi 75 uliofanywa kwa muda wa miaka 50, wenye habari za watoto zaidi ya 160,000. Waliona kwamba kadiri mtoto alivyopigwa zaidi ndivyo alivyoelekea zaidi kuwa mkaidi, mgomvi na mwenye matatizo ya akili. Kipigo hakikuonekana kuleta utii wa kudumu.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi: dunia ya pande zote mbili za fimbo imebadilika. Zamani mtoto aliyekimbia fimbo ya baba alikimbilia kwa bibi. Leo aliyekimbia fimbo ya baba hukimbilia kwa mtu asiyemjua ndani ya simu, mwenye maneno matamu kuliko ya bibi na nia mbaya kuliko ya fisi. Fimbo ileile, iliyokuwa ikimpeleka kwenye usalama, sasa yampeleka mdomoni mwa mamba.

Tena sheria ya nchi ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania yasema kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, nayo haikubali adhabu yoyote isiyolingana na umri wake, hali ya mwili wake na akili yake. Hata shuleni, ambako viboko vingali vimeruhusiwa, kanuni za mwaka 2002 ziliweka mpaka wa viboko vinne, tena kwa amri ya mkuu wa shule. Basi mzazi anayempiga binti wa miaka 16 kwa waya wa umeme kwa sababu ya picha ya TikTok asidhani analea. Anavunja sheria, na zaidi ya sheria anavunja kile kidaraja chembamba kilichobaki kati yake na mwanawe.

Sheria hiyo hiyo, na vijana waisikie pia, yampa mtoto wajibu: kushirikiana na jamaa yake, kuwaheshimu wazazi na wakubwa, na kuitumikia jamii kadiri ya uwezo wake. Haki na wajibu ni mapacha. Kijana anayedai kimoja na kukataa cha pili ameelewa nusu ya somo.

WALA TUSIACHIE KAMBA

Kwa kuyasema hayo hatusemi mtoto aachwe. Kuna mzazi wa namna ya pili, naye si mwema kuliko yule wa waya. Huyu alimpa mtoto simu akiwa na miaka miwili ili anyamaze, akamnunulia yake akiwa na miaka tisa ili asisumbue, akamsaidia kudanganya umri ili afungue akaunti, ingawa mitandao mingi mikubwa yenyewe haimpokei aliye chini ya miaka 13. Leo mtoto ana miaka 15, na mzazi anashangaa kwamba hasikii. Amesahau methali: mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Mwaka 1966 mtaalamu wa Marekani Diana Baumrind aliandika juu ya namna tatu za wazazi. Wako waamrishaji, wanaotaka utii bila maelezo. Wako waachiaji, wanaotoa mapenzi bila mipaka. Na wako wenye mamlaka yenye hekima, wanaoweka mipaka migumu lakini wakaeleza sababu yake na kumsikiliza mtoto. Uchunguzi mwingi uliofuata umeonyesha kwamba watoto wa hao wa tatu kwa kawaida hustawi zaidi, kwa kujitegemea na kwa kujitawala. Msomaji ataona kwamba hilo halitofautiani na yule mzee wa kijiji aliyekuwa mkali pasipo kupaza sauti, ambaye watoto walimwogopa kidogo na kumpenda sana.

ADHABU IFAAYO

Sasa tuje kwenye vitendo, maana mfanyakazi hana saa ya kusoma nadharia.

Kwanza, sheria za nyumba zitangulie kosa. Mzazi akae na kijana siku ya amani, si siku ya ugomvi, waafikiane: simu huwekwa kando wakati wa chakula, saa fulani ya usiku simu zote huchajiwa chumbani kwa wazazi, akaunti iwe ya faragha, asiongezwe katika vikundi na mtu asiyemjua, picha ya mwili wake haitumwi kwa yeyote, hata aapiwe mapenzi namna gani. Na baba naye aweke simu yake mezani! Mzazi anayekula huku akicheka na WhatsApp hana ulimi wa kumkanya mtoto.

Pili, adhabu ifanane na kosa na iwe na siku ya mwisho. Aliyevunja saa ya usiku, anyimwe simu kwa siku tatu, zikahesabiwe, zikiisha arudishiwe kama ilivyoahidiwa. Kunyang'anya "mpaka nitakapopenda" humfunza mtoto kuiba simu nyingine. Kuivunja ni ujinga wa mali pia. Simu ile imenunuliwa kwa jasho la nyumba hiyo hiyo.

Tatu, aliyemdhuru mtu amlipe mtu huyo. Kijana aliyemtukana mwenziwe mtandaoni na ayafute maneno yake, kisha aende kwa miguu yake hadi nyumbani kwa aliyemtukana, amwombe radhi uso kwa uso mbele ya wazazi wa pande zote mbili. Vijana wanaiogopa adhabu hiyo kuliko fimbo, kwa sababu simu imewazoesha kumtukana mtu wasiyeona machozi yake. Kumwonyesha machozi hayo ndiko kumfunza.

Nne, adhabu ikae ndani ya nyumba. Isipigwe picha, isitumwe kwa majirani, isipelekwe katika kikundi cha ukoo. Na mzazi atakayekuta picha ya utupu ya mtoto, awe wake au wa jirani, asiisambaze hata kwa kusudi la kuonya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imefanya usambazaji wa picha chafu za watoto kuwa kosa la jinai, wala haimwulizi mtu kama nia yake ilikuwa njema.

Tano, pawe na mtu wa kati. Kila nyumba imchague shangazi mmoja, au mjomba, au rafiki mwaminifu wa jamaa, na kijana aambiwe wazi: "Likikufika jambo ambalo huwezi kunieleza mimi, mweleze yeye, nami sitakuuliza." Hapo tutakuwa tumemrudisha kungwi katika kiti chake. Shangazi huyo aweza kuwa Mwanza na kijana akawa Temeke. Chombo hicho hicho tunachokilalamikia kitawaunganisha.

Sita, hatari ikitokea, mzazi anyamazishe hasira yake kwanza. Amwambie mtoto: "Umefanya vema kuniambia." Vitisho vile visifutwe, maana ni ushahidi, fedha zisilipwe, maana anayelipwa mara moja hurudi, na habari ipelekwe kwa dawati la jinsia na watoto la polisi, au kwa ofisa wa ustawi wa jamii. Iko pia namba 116, ya kuwasaidia watoto, isiyotozwa malipo. Kila kijana na aijue kama ajuavyo jina lake.

NENO LA MWISHO

Ndugu wasomaji, malezi si kazi ya baba mmoja aliyechoka kurudi zamu. Chama cha wafanyakazi kinachodai saa za kazi zenye haki kinawatetea watoto pia, kwa kuwa mzazi asiyeonekana nyumbani hawezi kuwa breki ya mtu. Kamati ya shule ikutanishe wazazi na walimu kujadili simu kabla ya kashfa na si baada yake. Jirani anayesikia mtoto analia kila usiku asiseme si wangu. Na zile kampuni zinazochuma mamilioni kwa macho ya watoto wetu zidaiwe kuwalinda, kama mwenye basi anavyodaiwa breki nzima kabla ya kubeba abiria.

Lakini hayo yote yakicheleweshwa, liko moja ambalo kila mzazi aweza kulifanya usiku wa leo bila ya sheria mpya wala senti moja. Aubishe mlango wa chumba cha kijana wake, aketi, amwulize habari za siku yake, na amsikilize hata mwisho bila ya kumkata kauli. Yule mtoto huenda akajibu maneno matatu tu kisha akageukia ukutani. Haidhuru. Kesho na arudi tena, na kesho kutwa. Siku ambayo mtu mwovu atamtisha mwanawe ndani ya ile simu, mtoto huyo atakumbuka kwamba kuna mtu aliyekuwa akigonga, naye atakuja kugonga kwake.